Tupeane uzoefu: waliopewa uraia Ulyankulu wanawaonaje Warundi waliokuja nyuma yao?

Kaliua_Kwetu
Wakuu, kila msako wa uhamiaji ukipita Kaliua, Urambo au Kasulu, vijiweni unazuka mjadala uleule: mbona wanaowakalia kooni Warundi wapya ni walewale waliokuja zamani? Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo mnayafahamu, ni ya Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972. Wenye uelewa wa jambo hili, wa Tabora na wa Kigoma, tupeane uzoefu. Matusi ya kabila tuyaache nje.

Karani_wa_Zamani
Chanzo ni karatasi. Nifuateni taratibu.

Watu wa 72 walipokelewa, wakapimiwa mashamba, wakalima, wakajilisha. 2007 serikali ikawauliza: kurudi au kuomba uraia? Kama wanne kati ya watano wakachagua uraia. 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yakakubaliwa, ila vyeti vikakwama, na sharti likawa wahame makazi wakatawanywe mikoani. Sasa fikirieni: mtu ameshaukana uraia wa Burundi, wa Tanzania hajaushika mkononi. Hupandi mwembe, maana umeambiwa utahama. Hufyatui tofali za kuchoma. Shule na zahanati nazo zinachakaa, nani atakarabati jengo la watu wanaoondoka? Hali ikawa hiyo mpaka Oktoba 2014, vyeti vilipoanza kutolewa na sharti la kuhama likaachwa.

Hesabuni kutoka Oktoba 2014 hadi Aprili 2015. Ni miezi sita. Miezi sita tu, Bujumbura ikachafuka na watu wakaanza kuvuka tena Manyovu, Mabamba na Kagunga. Mwenye cheti anasikia redioni "Warundi wameingia", na jina lake, lafudhi yake na sura yake ni vya huyo aliyeingia jana. Mgeni mpya analifungua upya faili la mgeni wa zamani. Hofu ndiyo hiyo, na ina msingi kisheria: uraia wa kuzaliwa waziri hawezi kukuvua, lakini wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, sheria ya uraia ya 1995 inampa mamlaka ya kuufuta kwa sababu zilizotajwa humo. Raia wote ni raia, lakini mmoja analala usingizi mzito na mwingine analala akisikiliza mlango.

Mama_Urambo
Umemaliza. Cheti kwanza, undugu baadaye.

Heru_Juu
Karani, umesema vizuri ila umeacha nusu. Msako ukija hauwachagui watu wa makazi peke yao. Mha wa Kasulu, wa Buhigwe, wa Kibondo, ambaye ukoo wake haujawahi kuvuka mto Malagarasi, naye anaulizwa babu yake kazikwa wapi. Kiha na Kirundi vinaelewana, majina yanafanana, na mpaka wa Wabelgiji na Waingereza ulikata koo katikati. Kwenye kitambulisho cha taifa mwombaji wa Mbeya anajaza fomu, mtendaji anagonga mhuri, anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kigoma kikao na afisa uhamiaji ndicho kinachoamua, na maswali ni ya ukoo: kitongoji cha babu, mwenyekiti wa wakati ule, shule ya baba. Mzee asiyejua kusoma atayakumbuka wapi ya mwaka 1958? Kwa hiyo hata sisi wenyeji tunaposikia wapya wanaingia, tunajua foleni imerefuka.

Mwanga_Ujiji
Na wenyeji wenyewe ni akina nani? Ujiji imejaa koo za Wamanyema, Wabwari na Wagoma zilizovuka ziwa kutoka Kongo enzi za misafara. Tabora mjini vilevile. Leo hao ndio wa kwanza kusema Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wamezidi.

Heru_Juu
Enzi za misafara hakukuwa na mpaka wala pasipoti, mkuu. Usichanganye.

Mwanga_Ujiji
Sichanganyi. Nasema muda ukipita mgeni anakuwa mwenyeji, na mwenyeji huyo anasahau. Wakongo wa Nyarugusu wako pale tangu 1996. Waliozaliwa humo sasa wana watoto wao, na bado wanaitwa wageni.

Mwalo_Kibirizi
Naona mnabishana kuhusu fomu. Anayetaka kujua moyo wa mtu unavyogeuka aikumbuke Kagunga, Mei 2015.

Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima, kaskazini ya Gombe, kwenye mpaka kabisa. Barabara ya gari haikuwepo: ama boti, ama kupanda mlima kwa miguu. Katika ufukwe ule mwembamba wakarundikana watu makumi kwa maelfu ndani ya wiki chache. Vyoo hakuna. Maji ya kunywa ni ya ziwa, na ziwa hilohilo ndilo la kuogea, la kufulia, na usiku ndilo choo. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo.

Meli ilikuwa Liemba. Mnaijua umri wake, ni ya Mjerumani kabla ya vita vya kwanza. Ilibeba kama watu 600 kwa safari, lakini haikufika ufukweni, ilitia nanga nje. Abiria wote wanapelekwa kwa mitumbwi kisha wanapandishwa ubavuni: mjamzito, kikongwe, anayeharisha. Mgonjwa wa kipindupindu anapoteza maji kwa lita, na asiporudishiwa kwa wakati anaweza kufa siku hiyohiyo. Pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ni kwa lita moja ya maji safi. Ikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita. Hesabu rahisi kabisa, ila Kagunga hayo maji safi yenyewe ndiyo hayakuwepo. Wakifika bandarini Kigoma, ni Uwanja wa Lake Tanganyika, wanapimwa, wanaandikishwa, kisha basi hadi Nyarugusu, huku nyuma wengine wanazidi kuingia. Mpaka wiki ya tatu ya Mei wagonjwa walikuwa kama 3,000 na waliokufa 31. Wawili kati ya hao walikuwa Watanzania.

Hao wawili ndio waliogeuza maneno ya watu. Kabla yao mazungumzo ya mialoni yalikuwa "maskini watoto wale". Baada yao yakawa "wametuletea ugonjwa". Watu walewale, ziwa lilelile, ndani ya mwezi mmoja.

Na jambo ambalo haliandikwi: baadhi ya waliokaa kwenye mchanga ule hawakuwa wapya. Kambi ya Warundi ya Mtabila ilifungwa mwisho wa 2012 wakarudishwa kwao. Wengine ni wa 72 kabisa, wale waliochagua kurudi mwaka 2007, wakakuta mashamba yao Burundi yana wenye nyumba wapya. Yaani kaka alichagua uraia akabaki Ulyankulu, mdogo wake akachagua kurudi. 2015 mdogo mtu anashuka Liemba akiwa "mkimbizi mpya", na kaka mtu anaulizwa: unamfahamu huyu?

Mama_Urambo
Mungu wangu. Hilo la ndugu wawili limenikaa rohoni.

Kaliua_Kwetu
Mwalo, na kaka mtu akisema anamfahamu?

Mwalo_Kibirizi
Akisema ndiyo, anaogopa wataanza kumchimba yeye. Akisema hapana, amemkana ndugu yake. Wengi hunyamaza.

Shina_la_Tumbaku
Mimi naomba tuseme na la pesa, maana mnazunguka. Watu wa makazi wanalalamika kuhusu wapya huku wakiwatumia mashambani.

Tumbaku ni kazi ya mikono toka kitaluni mpaka sokoni. Kitalu kinaanza Agosti au Septemba, miche inahamishiwa shambani mvua za Novemba na Desemba zikishika, halafu kupalilia, kukata vichwa, kutoa vikonyo, kuchuma jani kwa jani kuanzia chini, kutunga kwenye vijiti, kupandisha bani, yaani banda la kukaushia. Bani ya mvuke inakula kuni karibu wiki nzima, na lazima mtu alale hapo, moto ukizidi jani linaungua, ukizimika linaoza. Familia moja haimudu. Ndipo anapochukuliwa kijana kutoka ng'ambo ya mpaka kwa mkataba wa msimu: analala shambani, anapewa mahindi ya kula, fedha yake baada ya tumbaku kuuzwa. Karatasi hana, kwa hiyo na mkataba ni wa mdomo. Tatizo linazaliwa pale: miezi minane au tisa ya jasho iko mikononi mwa tajiri. Wapo wasiolipa. Wapo wanaosubiri siku ya malipo wakapige simu uhamiaji. Aliyekuwa mgeni jana anamfanyia mgeni wa leo!

Barabara_13
Usitupake matope wote. Wanaofanya hivyo wako kila kabila, na Wanyamwezi na Wasukuma wenye mashamba makubwa nao wanachukua vibarua haohao. Tena ujira wa kibarua mzawa unashuka kwa sababu hiyo. Kijana wa Ulyankulu aliyezaliwa hapa anaomba bei ya palizi kwa eka, anaambiwa kuna Mrundi anafanya kwa nusu. Huyo kijana naye wazazi wake ni Warundi. Unataka ashangilie?

Halafu ardhi. Babu alipimiwa hekta zake chache, akazaa saba, saba wakazaa wajukuu. Nje ya makazi ni misitu ya hifadhi, huwezi kupanua. Mifugo ya Wasukuma nayo inashuka toka kaskazini inatafuta malisho. Mtu akisema hapatoshi hana chuki, ametembea mipaka ya shamba lake akapima.

Shina_la_Tumbaku
Hapatoshi nakubali. Kumripoti mtu ili usimlipe sikubali, iwe nani.

Barabara_13
Hapo tuko pamoja.

Karani_wa_Zamani
Turudi kwenye yanayosaidia. Mtu akipokea ndugu aliyevuka, asimfiche. Sheria ya wakimbizi ya 1998 inampa mwombaji hifadhi siku saba toka aingie awe amejitokeza kwa ofisa mhusika, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Ndani ya siku hizo unampeleka mwenyewe, mchana, na mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Baada ya hapo mwenye nyumba naye anaingia matatani. Ila fahamuni tangu 2017 Warundi hawapokelewi tena kwa jumla jumla kama 2015, na kambi ya Mtendeli imeshafungwa. Usimwahidi mtu kitu usichoweza kumpa.

Heru_Juu
Ushauri wangu tofauti: mwambie apitie mpakani kwa hati ya kusafiria. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2007, anagongewa mhuri anaingia kihalali kama mgeni.

Karani_wa_Zamani
Mgeni wa matembezi, sawa. Kazi anahitaji kibali, na kulima tumbaku ya mtu ni kazi. Na anayekimbia usiku pasipoti ataipata wapi?

Mama_Urambo
Kuhusu vyeti vya tajnisi, vifanyieni lamineti visichakae.

Barabara_13
Hapana mama! Usilamineti cheti cha uraia. Ofisa anataka kuushika mhuri na kuisoma karatasi yenyewe, iliyofunikwa plastiki inatiliwa shaka. Weka kwenye bahasha ngumu, ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na paa linalovuja.

Mwalo_Kibirizi
Na safarini beba nakala iliyothibitishwa kwa hakimu au wakili, halisi libaki nyumbani.

Shina_la_Tumbaku
Wengine wanasema beba halisi, nakala haikubaliki vizuizini.

Mwalo_Kibirizi
Ukiibiwa halisi ndani ya basi utasemaje? Nakala.

Sauti_ya_Kaliua
Samahani wakuu, naingia na swali. Baba ana cheti cha tajnisi, mtoto kazaliwa makazini 1999, hana cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha taifa kinakwama kila mara kwa sababu majina hayaoani. Afanyeje?

Karani_wa_Zamani
Tatizo kubwa kuliko yote hilo. Kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, halirithiwi la ukoo. Baba anaitwa hivi, mtoto vile, na kwenye orodha za 2007 waliandikwa hivyohivyo. Shuleni mwalimu akampa mtoto jina la baba liwe la pili, halafu akaliandika Kiswahili: herufi "y" ikaanguka, "rw" ikawa "lw". Ofisini wanaona watu watatu.

Kwanza aangalie jina lake lilivyo kwenye karatasi za uraia za familia. Hilo ndilo mama wa mengine, asilibadili. Pili, aombe cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, ofisi ya msajili iko kwa mkuu wa wilaya: apeleke kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji. Majina yakipishana ale kiapo mbele ya hakimu au wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, yatajwe yote jinsi yalivyoandikwa, hata lenye kosa. Kiapo kinachotaja mawili wakati karatasi zina matatu hurudishwa. Ndipo aende kwenye kitambulisho akiwa na hivyo vyote pamoja na nakala ya cheti cha baba. Aende na baba mwenyewe kama ana nguvu ya kutembea.

Sauti_ya_Kaliua
Baba yupo, ila ni mzee sana. Kesho tunaanza na mtendaji.

Barabara_13
Mtendaji anakuwepo ofisini asubuhi. Wahi kabla ya saa nne.