Mjadala: Kasi ya upepo wa tornado iamuliwe na rada au na vifusi?

Mwana wa Ukerewe
Ndugu zangu, naleta hoja inayonikera. Tarehe 31 Mei 2013 tornado (nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kutoka winguni hadi ardhini) yenye upana wa kilomita 4.2 ilipita karibu na El Reno, Oklahoma, na rada iliyobebwa na lori ikasoma upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Ilitangazwa kuwa EF5, daraja la juu kabisa katika mizani ya EF (Enhanced Fujita), ambayo hupanga tornado kwa kukadiria upepo kutokana na uharibifu, kisha miezi michache baadaye ikashushwa hadi EF3, ambayo haivuki kilomita 266, kwa sababu ilipita zaidi mashambani na haikukuta majengo ya kutosha ya kubomoa. Je, ni haki kipimo cha chombo kiwekwe kando kwa kuwa hapakuwa na nyumba? Tena nyumba zenyewe wanazozitegemea ni za mbao, ambazo hata upepo wa kawaida ungeziangusha.

Fundi Kenchi
Mambo ya rada nawaachia wenyewe, lakini hilo la mbao sikubali lipite. Nyumba ya mbao huanguka pale kenchi isipofungwa barabara kwenye ukuta, na ukuta usipofungwa kwenye msingi. Upepo ukipita juu huliinua paa, na paa likishaondoka kuta hazina tena cha kuzishikilia. Ukuta wa tofali usio na nondo nao utalala vilevile. Ndugu wa Ukerewe atuambie huo upepo wa kawaida ni upi.

Mwana wa Ukerewe
Fundi, sikumvunjia heshima mtu yeyote. Joplin, Missouri, mwaka 2011 tornado iliua zaidi ya watu 150. Unataka kuniambia kuta za zege zisingeokoa hata mmoja?

Bi Nuru wa Tulsa
Kaka, waliokufa Joplin wasigeuzwe fimbo ya kumchapia fundi. Mimi naishi huku Oklahoma, na ninajua kwamba wakaguzi wa uharibifu hawahesabu tu nyumba zilizoanguka. Wana orodha ya viashiria 28, kuanzia nyumba, shule na nguzo za umeme hadi miti, na kwa kila kimoja hukadiria upepo kwa kuangalia ujenzi wake. Nyumba iliyofagiliwa yote juu ya msingi haipewi EF5, yaani zaidi ya kilomita 322 kwa saa, mpaka ithibitike kwamba ilijengwa vizuri na kufungwa kwa bolti kwenye zege. Alichosema Fundi ndicho wanachokikagua.

Na mkiitaja El Reno, mkumbukeni mtafiti wa tornado Tim Samaras, aliyeuawa na tornado hiyo pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Mwaka 2003 huko Manchester, South Dakota, aliweka chombo chake ardhini mbele ya tornado, kikarekodi kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 100. Kuna watu waliotoa uhai wao ili tupate vipimo hivi tunavyogombania.

Mpenda Takwimu
Naona mnabishana bila kutaja rekodi. Kama kumbukumbu yangu ni sahihi, upepo mkali kuliko wote duniani ulikuwa wa kilomita 408 kwa saa, kule Australia.

Mwalimu wa Fizikia
Ndugu Takwimu, hiyo ni rekodi ya kisiwa cha Barrow ya mwaka 1996, katika kimbunga Olivia, na ni ya upepo usio wa tornado, uliosomwa na kipimaupepo kilichosimikwa ardhini. Tornado ni nyembamba na hupita kwa muda mfupi, kwa hiyo ni nadra kukuta kituo njiani, na ikikikuta huweza kukivunja. Ndiyo maana rada hutumika: hutuma mawimbi yanayogonga matone ya mvua na takataka zinazozunguka, na badiliko la masafa ya mawimbi yanayorudi huonyesha vitu hivyo vinasogea kwa kasi gani kuelekea kwenye rada au kutoka kwake. Tornado ya Bridge Creek na Moore, Oklahoma, ya tarehe 3 Mei 1999, ilisomwa kwa rada kilomita 484 kwa saa, na uchambuzi wa baadaye ukapata 517.

Hata hivyo, rada huona mwendo ulio kwenye mstari wa mwali wake tu, na mwali huo hupanda juu kadiri unavyokwenda mbali. Upepo uliopimwa juu ya mapaa si lazima uwe ule uliougusa ukuta wa mtu.

Mwana wa Ukerewe
Mwalimu, kwa hiyo unakubali kwamba EF3 ya El Reno si kasi ya upepo, bali ni uharibifu uliopatikana. Basi waandike namba zote mbili, kila moja na chanzo chake. Mwaka 2025 tornado ya Enderlin, North Dakota, ilipewa EF5, ya kwanza tangu tornado nyingine ya Moore, ile ya mwaka 2013, na kilichoamua ni mabehewa ya treni, likiwamo behewa tupu la tangi lililorushwa mita 145 hivi. Reli isingekuwapo pale, tungeambiwa upepo ulikuwa mdogo?

Fundi Kenchi
Umehama kutoka kwenye nyumba hadi kwenye mabehewa, na swali langu bado hujalijibu. Upepo wa kawaida unaoangusha nyumba ya mbao iliyofungwa vizuri ni wa kilomita ngapi kwa saa?