Aliye nyuma ndiye wa kujihadhari, si mtoto aliye mbele

Ndugu zangu mnaoishi Ulaya na kupanda milimani kila msimu wa theluji, leo nimekuja na hasira.

Jumamosi alasiri, huko Tirol, Austria, nilikuwa nikimfuata binti yangu wa miaka 9 kwenye mteremko wenye alama ya bluu, ambao ndio rahisi kuliko wote, akishuka taratibu huku skii zake, yaani zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, zimekaa umbo la kipande cha pizza kama mwalimu alivyomfundisha, ndipo bwana mmoja alipotokea nyuma yetu kwa kasi akamkumba mgongoni. Alisimama hatua chache chini yetu, akageuka, akasema eti mtoto alikata kona ghafla, kisha akaenda zake.

Kukata kona ghafla ni kosa tangu lini? Kanuni za mwenendo za Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, zipo tangu mwaka 1967, nazo ni 10 tu. Mtu anaweza kuzisoma zote akisubiri lifti. Ya 3 inamtaka anayetoka nyuma achague njia isiyomhatarisha aliye mbele yake, na ya 4 inamtaka anayempita mwenzake amwachie nafasi ya kutosha kwa lolote atakalofanya, kwa kukusudia au bila kukusudia. Maana yake mtoto anaruhusiwa kuyumba, hata kuanguka. Hana macho kisogoni.

Mimi niliyezaliwa Tanga na kuvaa skii mara ya kwanza nikiwa na miaka 38 nimeyaelewa hayo. Bwana yule, kwa jinsi alivyokuwa akiteleza, bila shaka alianza utotoni.

Mama mmoja asiyetujua ndiye aliyevua skii zake, akazichomeka kwenye theluji juu yetu zikiwa zimepishana kama msalaba ili wanaoshuka watukwepe, akakaa nasi hadi waokoaji walipofika. Kifundo cha mkono wa binti yangu kimeteguka, na kofia yake ngumu ina mchirizi mrefu, kama uliochorwa kwa kisu, ulioachwa na ukingo wa chuma wa skii.

Kanuni ya 10 inamtaka kila mhusika na kila shahidi ajitambulishe, awe na kosa au asiwe nalo. Kampuni ya bima inanidai jina la huyo bwana nami sina. Kama kuna aliyekuwepo akamwona, alivaa jaketi la rangi ya chungwa, tafadhali aniandikie.