Mrejesho: chesisi ya lori iliyoliwa na kutu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama naweza kuchomelea bati juu ya kutu kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ya lori langu kuukuu, pale inaposhikia springi ya nyuma. Aliyeniambia nigonge kwanza kwa nyundo, Mungu ambariki. Chuma kizima kililia ngaa. Penye kutu sauti ilikuwa butu, mara nyundo ikazama na magamba yakamwagika kama majani makavu. Tundu nililodhani la kidole likawa la kupitisha kiganja.

Tulichomoa betri, tukashusha tangi la mafuta. Fundi akakata mpaka akakuta chuma safi, akachomelea kipande cha unene uleule, milimita 6, ncha zake zikiwa za mshazari kama mlivyoshauri, ili chesisi isije ikapasuka kwenye mstari wa kuchomelea. Miezi minane sasa, na mizigo juu, hakuna ufa.

Nilipokosea ni ndani. Nilipaka rangi nje tu, nta ya kuzuia kutu ndani ya chesisi nikaiahirisha. Sasa kutu inachuruzika kwenye maungio ya boriti ya kati, itabidi ikatwe upya. Nta pigeni mapema, chuma kikishapoa. Asanteni sana, mmeniokolea gari.