Tupeane uzoefu: pikapu ya zamani inavuta tela la kilo ngapi hasa?

MzaniKwanza: Wakuu, uzi huu ni wa wanaovuta tela kwa pikapu zilizokula umri. Namba iliyo kwenye kitabu cha gari kwa kawaida ni ya gari tupu lenye dereva. Abiria, boksi la spana na bodi ya chuma iliyoongezwa, vyote vinakatwa humo. Hesabu ni hii: chukua GCWR, uzito wa juu wa pikapu na tela kwa pamoja, utoe uzito wa pikapu yako mizanini ikiwa na watu na mizigo. Mfano, kitabu kinasema 2,700 na GCWR ni 4,500. Pikapu ikisoma 2,350 mizanini, umebaki na 2,150, na tela lenyewe limo humo.

Difu410: Mkuu, hesabu hiyo ni sawa, ila mara nyingi ekseli ya nyuma inafika kikomo kabla yake. Shingo ya tela hulalia gololi ya tobaa (mpira wa chuma kwenye chuma cha kuvutia nyuma ya pikapu) kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Kwa tela la 2,000, weka kilo 250. Gololi iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama mtarimbo. Ikiwa ekseli mbili zimeachana mita 3 na gololi iko mita 1.2 nyuma, ekseli ya nyuma inaongezewa 350, ya mbele inapunguziwa 100. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu. Linganisha na GAWR ya nyuma, yaani uzito wa juu ambao ekseli hiyo inaruhusiwa kubeba, kwenye kibati cha nguzo ya mlango. Na msikwepe kwa kusukuma mzigo nyuma ya tela: shingo ikiwa nyepesi, tela linaanza kuyumba mwendo ukiongezeka.

Springi_Nne: Uzito wa shingo unapimwaje bila mizani ya barabarani?

Difu410: Mizani ya bafuni na ubao imara. Ncha moja ya ubao ilalie tofali, nyingine mizani, tofali na mizani viachane sentimita 90. Shingo ikae sentimita 30 kutoka tofali. Toa uzito wa ubao ulioonekana mizanini, kisha zidisha mara 3. Tela liwe limelala sawa na magurudumu yamewekewa kabari.

MafutaMekundu: Uwiano wa difu nao uangaliwe, yaani propela shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa magurudumu. Pikapu mbili pacha, moja 3.55 na nyingine 4.10, hazina namba moja ya kuvuta. Kabari magurudumu ya mbele, achia handibreki, weka nyutro, inua gurudumu moja la nyuma. Lizungushe mara 2 huku ukihesabu mizunguko ya propela shafti: ikiwa 4 na kidogo, ni 4.10. Kwa difu yenye loki, hesabu hii haikubali.

Gia boksi ya otomatiki inauawa na joto. Kilimani zima OD (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi) ili gia zisipande na kushuka ovyo, na funga kipoozeo (cooler) cha ziada cha mafuta ya gia boksi. Mafuta yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, usivute kwanza.

MzaniKwanza: Nyongeza: tobaa, gololi na kikombe cha tela kila kimoja kina namba yake, fuata iliyo ndogo. Gonga chesisi kwa nyundo pale boliti za tobaa zinapopita. Ikitoa sauti ya bati au ikimwaga magamba ya kutu, hakuna namba ya kitabuni inayokuhusu hadi ichomelewe upya.