Mteja ananiambia "unanirudishia maneno yangu": je, nishike mkabala mmoja wa ushauri nasaha au nichanganye?

MwanafunziNasaha

Habari zenu wanajukwaa. Nipo mwaka wa pili wa mafunzo ya ushauri nasaha na nimeanza kuonana na wateja chini ya msimamizi. Tangu mwanzo tumefundishwa mkabala wa Carl Rogers, ule unaomweka mteja katikati: mshauri hatoi amri wala hahukumu, bali anasikiliza kwa makini, anamkubali mteja bila masharti na anakuwa mkweli mbele yake. Nauamini mkabala huu kwa dhati, kwa sababu nimeona watu ambao hawakuwahi kusikilizwa maishani wakifunguka baada ya vikao vitatu au vinne tu.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mwanamume mtu mzima aliyekuja kwa sababu ya wasiwasi unaomkosesha usingizi, alinyamaza katikati ya kikao, akanitazama, kisha akasema: "Samahani, lakini kila nikisema jambo unanirudishia lile lile kwa maneno mengine. Mimi nimekuja nijue nifanye nini." Nilimjibu kwamba namsikia akiwa amechoka na anatafuta mwelekeo, na kabla sijamaliza sentensi nikatambua kwamba nimerudia kile kile anachokilalamikia. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nimesoma pia habari za uchanganuzi nafsi wa Freud, unaotafuta mizizi ya tatizo utotoni na katika yaliyofichika akilini; tiba ya utambuzi na tabia ya Aaron Beck, inayochunguza mawazo na matendo ya mtu; na tiba ya Gestalt, inayomsaidia mtu kutambua anachohisi na kufanya sasa hivi. Je, mshauri anayeanza ashike mkabala mmoja mpaka aumudu, au achanganye kulingana na mtu aliye mbele yake? Na huyu bwana nimwambie nini tutakapoonana tena?

Msimamizi_wa_Vikao

Ndugu, pole, na hongera kwa kulileta jambo hili badala ya kulificha. Mwaka 1957 Rogers aliandika kwamba kuna masharti ambayo ni ya lazima, na tena yanatosha, ili mtu abadilike katika tiba. Mimi baada ya miaka mingi ya kazi hii nakubali kwamba ni ya lazima. Kwamba yanatosha kwa kila mtu na kila tatizo, hapo sikubaliani naye, na nitaeleza sababu.

Nilikuwa na mteja aliyerudi nyumbani mara kumi na zaidi kila asubuhi kuhakikisha kwamba amefunga mlango, hata akawa hatarini kupoteza kazi (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike). Kwa miezi minne nilimsikiliza kwa upole wote niliokuwa nao. Aliponiuliza, "Unadhani niliufunga kweli?", nilimtuliza kwamba bila shaka aliufunga. Alitoka akiwa na amani, na baada ya saa chache shaka ilirudi ikiwa na nguvu zaidi. Nilichelewa sana kuelewa kwamba faraja yangu ilikuwa inafanya kazi ile ile ya kurudi kukishika kitasa, yaani ilimpa nafuu ya muda mfupi na kumfundisha kwamba bila nafuu hiyo hawezi kuvumilia. Nilimpeleka kwa mwenzangu aliyesomea njia ambayo Victor Meyer aliieleza mwaka 1966, ya kumkabilisha mtu na kinachomtisha huku akijizuia kufanya kile kinachomtuliza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga mlango mara moja, kuondoka bila kugeuka na bila kumpigia mtu simu, na kuandika kiwango cha wasiwasi wake kila baada ya dakika kumi, kuanzia 0 hadi 100. Siku ya kwanza aliandika 95, na ilimchukua zaidi ya saa moja kushuka hadi 40. Lakini ilishuka, na aliiona ikishuka mwenyewe bila neno la mtu yeyote.

Sasa turudi kwa mteja wako. Mwaka 1979 Edward Bordin aliandika kwamba ushirikiano kati ya mtaalamu na mteja una sehemu tatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Kwa jinsi ulivyoeleza, bwana huyo anakuamini, ndiyo maana alithubutu kukwambia ukweli usoni. Kinachokosekana ni makubaliano juu ya kazi. Mwambie wazi kwamba mmekuwa mkienda kwa njia ambayo hakuulizwa kama inamfaa, kisha umuulize msaada anaouhitaji una sura gani, na umsikilize kweli anapojibu. Hakikisha pia kwamba ameonana na daktari, kwa kuwa tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huweza kuleta wasiwasi na kukosa usingizi, na hapo mazungumzo peke yake hayatamponya.

NilikaaKitiChaPili

Mimi si mtaalamu, ila nimekaa upande wa mteja mara mbili kwa sababu ya sonona, kwa wataalamu wa mikabala miwili tofauti kabisa.

Wa pili, aliyefuata njia ya Beck, alinipa karatasi yenye safu: tukio, wazo lililokuja, ninaliamini kwa asilimia ngapi, ushahidi unaolithibitisha, ushahidi unaolipinga. Nakumbuka niliandika "rafiki hakujibu ujumbe" na karibu yake "nimewachosha watu wote", asilimia 90. Safu ya ushahidi wa kuthibitisha nilikosa cha kuandika zaidi ya ujumbe huo mmoja. Nilipoulizwa tena ninaliamini kwa kiasi gani nikaandika 50, nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeishi na wazo hilo kwa miaka bila hata siku moja kuliuliza lina ushahidi gani.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba yule wa kwanza, aliyefuata nyayo za Freud, alinipotezea muda. Karatasi ile ilinitoa kitandani, lakini ni yeye aliyenisaidia kuona kwamba tangu utotoni nilijifunza kwamba mtu akinyamaza amekasirika nami. Beck mwenyewe alianza kama mchanganuzi nafsi, na ni katika kuwasikiliza wagonjwa wake wa sonona ndipo alipogundua mawazo yale yanayopita haraka bila mwenyewe kuyatambua. Kwa hiyo mikabala hii haiko mbali kama vitabu vinavyoionyesha. Laiti yule wa kwanza angenieleza mapema kwa nini ananyamaza muda mrefu. Kwa wiki nyingi nilidhani nimemkasirisha na yeye.

Mwalimu_wa_Nasaha

Naunga mkono mengi yaliyosemwa, isipokuwa nina hofu juu ya hilo neno "kuchanganya". Mwanafunzi anayechukua zoezi hapa na swali pale, kwa sababu tu kikao kimekwama, hatajua kilichosaidia wala kilichodhuru. Shika mkabala mmoja, uujue mpaka mipaka yake, kisha uazime kutoka kwingine ukiwa unaweza kumweleza msimamizi wako sababu.

Na tuutendee haki mkabala wenyewe. Rogers alisikitika sana kuona usikilizaji wake umegeuzwa kuwa mbinu ya kurudia maneno, hata kwa miaka kadhaa akasita kuuzungumzia. Mteja akisema, "Naamka saa nane za usiku na silali tena," ukimjibu, "Kwa hiyo usingizi unakatika," hujaongeza kitu. Ukimwambia, "Naona kama kinachokutisha zaidi ni kesho yake, kwamba utashindwa mbele ya watu na watakugundua," umejaribu kusimama mahali aliposimama, na akiona umekosea atakusahihisha. Huenda mteja wako hakuukataa mkabala. Huenda alikuwa bado hajaupata.

MwanafunziNasaha

Nawashukuru nyote, na hasa wewe Mwalimu, ingawa maneno yako yaliniuma. Tumeonana naye jana. Nilimuuliza angependa tufanyeje, akasema anataka kitu cha kushika mkononi kati ya kikao na kikao, lakini hataki tuache kuzungumza. Baada ya kuongea na msimamizi wangu, tumekubaliana kwamba kila akiamka usiku ataandika saa na wazo la kwanza lililomjia, basi, na tutakuwa tunayasoma pamoja mwanzoni mwa kikao. Kwa daktari amekwisha kwenda na anasubiri majibu ya vipimo.

Nilipomuuliza kama ana daftari, aliomba karatasi moja tu kutoka kwenye meza yangu, akaandika juu yake tarehe ya jana, akaikunja mara mbili na kuitia katika mfuko wa shati.