Naomba ushauri: «Paranoid» ya Black Sabbath ipigwe vipi kwenye sherehe ya mjomba, mbele ya mashangazi?

Mpiga Besi wa Tabata (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu nawaamkia shikamooni.

Ninaongoza bendi ndogo ya watu saba hapa Dar es Salaam. Riziki yetu inatoka kwenye harusi, sherehe za kuwaaga mabinti, na Ijumaa jioni katika ukumbi wa hoteli, ambako tunapiga kopi za dansi la zamani na bongo fleva kidogo pale vijana wanapoanza kununa. Mwezi ujao mjomba wangu anatimiza miaka 70, na binti zake wametupa kazi ya kutumbuiza uani kwake Magomeni. Kila kitu tumeafikiana, isipokuwa ombi moja ambalo limenikosesha usingizi: wanataka tumpigie «Paranoid» ya Black Sabbath, bendi ya Uingereza ya roki nzito iitwayo metali, bila yeye kujua mapema.

Mjomba alikuwa baharia. Katika safari zake za Uingereza alirudi na kanda ambayo hadi leo anayo, kasha lake limefungwa kwa utepe wa gundi na jina la wimbo limeandikwa kwa kalamu ya bluu iliyokwisha kufifia. Tangu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi hiyo, alipofariki dunia Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya onyesho lao la kuaga katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, mzee huiweka kanda hiyo kila Jumapili asubuhi, na majirani wamezoea.

Tatizo ni hadhira na vyombo. Waalikwa wengi ni wazee wa pwani pamoja na mama zangu wakubwa na mashangazi, ambao hawanyanyuki kitini kwenda kutunza mpaka wasikie taarab au dansi lenye heshima zake. Sisi tuna gitaa la solo, la rhythm, besi, kinanda, tumba, dramu na mwimbaji mmoja wa kike. Mwaka jana mgeni mmoja hotelini alituomba wimbo wa namna hii, mpiga solo wetu akaazima kisanduku cha distosheni, kile kinachoikwaruza sauti ya gitaa, spika ikapiga yowe, na msimamizi akaja kwa mwendo wa haraka kutuomba tuzime. Sitaki yanikute hayo tena mbele ya ukoo wangu. Je, wimbo huu unaweza kuvishwa mtindo mwingine na bado mjomba akautambua? Na maneno yake tuyaache kwa Kiingereza au tuyatafsiri?

Fundi wa Nyuzi, Kinondoni

Ndugu Mpiga Besi, kwanza kirudishe hicho kisanduku kwa mwenyewe. Watu wengi wanadhani uzito wa muziki huu umo katika mkwaruzo wa sauti, kumbe umo katika namna sauti zinavyopangwa. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani alipokuwa kijana, na kwa kuwa yeye hupiga kwa mashoto, mkono huo ndio unaokandamiza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba, na akategemea sana mpigo wa sauti mbili tu kwa pamoja, yaani ya kwanza na ya tano katika ngazi ya muziki, bila ile ya tatu inayouambia sikio kama wimbo una furaha au huzuni.

Hapo ndipo mlango wako ulipo. Pale ambapo sauti ya tatu haikuwekwa, kinanda chako au mwimbaji wako anaweza kuiweka apendavyo, na wimbo ukageuka rumba, taarab au kwaya bila kugombana na asili yake. Wewe shika besi kama ilivyo. Kile kipande cha gitaa kinachofungua wimbo kipigwe sauti kwa sauti bila nakshi hata moja, kwa sababu ndicho ambacho mjomba wako atakitambua kabla hajaweka soda mezani. Vingine vyote badilisha.

Nikutahadharishe jambo moja la ufundi. Wimbo huu hauna kiitikio. Bendi ilikuwa imebakiza nafasi ndogo kwenye albamu yao ya mwaka 1970, ikautunga haraka haraka kuijaza, na hautimizi hata dakika tatu. Wageni wako watasubiri mahali pa kuitikia na hawatapaona, kwa hiyo kifanyeni hicho kipande cha gitaa kiwe ndicho kiitikio chenu.

Mkusanya Santuri, Upanga

Mwanzisha uzi asijione mpweke, kwa kuwa nyimbo za Black Sabbath zimekwisha kuvishwa nguo za kila namna, na baadhi ya washonaji walikuwa watu ambao usingewadhania.

Huo huo «Paranoid» uliimbwa kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Cindy & Bert, mke na mume waliokuwa wakiimba nyimbo laini za mapenzi ambazo kwao huitwa shlaga. Hawakutafsiri hata mstari mmoja. Waliandika kisa kingine kabisa, cha yule mbwa wa kutisha katika riwaya ya Arthur Conan Doyle, wakauita wimbo «Der Hund von Baskerville», na nafasi kubwa ya gitaa wakaipa kinanda cha ogani. Mara ya kwanza nilipousikia nilicheka. Mara ya tatu nilikuwa nauimba jikoni bila kujua neno la Kijerumani, na ndipo nilipoamini kwamba kipande kile cha mwanzo kina nguvu ya kubeba hadithi yoyote unayokipakia.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. The Cardigans wa Sweden waliiimba «Iron Man» mwaka 1996 kwa sauti ya mwanamke iliyo laini kama anayembembeleza mtoto. Kundi la Rondellus la Estonia lilifanya albamu nzima ya nyimbo za Sabbath kwa Kilatini, kwa kinubi na vyombo vya enzi za kati. Brownout wa Austin, Texas, walizipiga kwa fanki yenye midundo ya Amerika ya Kilatini mwaka 2014 kwa jina la Brown Sabbath, na kwa bendi yenye tumba kama yenu nadhani hao ndio jirani zenu wa karibu. Mwaka 2023 T-Pain, ambaye vijana wanamfahamu kwa sauti iliyopitishwa kwenye mashine, aliimba «War Pigs» kwa koo lake tupu, na Ozzy mwenyewe akamsifu hadharani.

Lakini ningekuomba utulie na mmoja tu, naye ni Charles Bradley. Alikuwa Mmarekani mweusi ambaye kwa miaka mingi alijikimu kwa kumwigiza James Brown, nyota wa soul, muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, katika kumbi ndogo, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011 akiwa na miaka 62. Aliichukua «Changes», wimbo wa Sabbath wa mwaka 1972 ambao tangu asili hauna dramu, akauimba kwa soul yenye tarumbeta na akamkumbuka mama yake ndani yake. Sikiliza anavyoburuta neno moja hadi pumzi inakaribia kumwishia, kisha hageuzi chochote, analirudia tena. Alifariki mwaka 2017. Mtu asiyejua historia hiyo ataapa kwamba wimbo ni wake na kwamba Waingereza ndio waliokopa. Kama ningekuwa mimi, ningeiacha «Paranoid» na kumpigia mzee «Changes».

Mwalimu wa Kwaya, Ukonga

Ninaheshimu mchango wa ndugu yangu wa Upanga, ila naona tunashindana kupamba jeneza bila kuuliza kilichomo. Maneno ya «Paranoid» yaliandikwa na Geezer Butler, mpiga besi wao, akielezea hali ya mtu aliyelemewa na msongo wa akili kiasi cha kutoonja furaha yoyote, na yanaanza kwa kusema kwamba ameachana na mwanamke wake kwa kuwa hakuweza kumsaidia. Mjomba atakuwa ameketi na mkewe ubavuni, keki iko mezani, wajukuu wamekaa mkekani. Je, hayo ndiyo ya kumwimbia mzee anayetimiza miaka 70?

Kubadilisha mtindo bila kuyajali maneno kuna hatari yake. Pat Boone, mwimbaji Mmarekani aliyejulikana kwa nyimbo za kistaarabu na za dini, mwaka 1997 alitoa albamu ya nyimbo za metali, zikiwemo «Crazy Train» ya Ozzy na «Enter Sandman» ya Metallica, bendi ya metali ya Marekani, zikisindikizwa na bendi kubwa ya tarumbeta. Muziki umepigwa kwa ustadi, siukatai, lakini anaimba jinamizi la usiku kama mtu anayesoma orodha ya vyakula hotelini. Alipojitokeza kwenye tuzo akiwa amevaa ngozi nyeusi kifua wazi, kituo cha televisheni cha dini kilichokuwa kikirusha kipindi chake kilikisimamisha. Mzaha una wenyewe na una mahali pake.

Binti wa Mpiga Ganuni, Ilala

Mwalimu, kwa heshima zote, naomba nikupinge kidogo. Mimi nimekulia nyuma ya jukwaa la taarab, na tangu utoto wangu nimewaona akina mama wamevaa kanga mpya, wamejaa furaha, wakienda kumtunza mwimbaji anayelalamika kwamba ametupwa kama jivu. Hakuna ndoa iliyovunjika kwa sababu hiyo, au tuseme zilizovunjika zilikuwa na sababu zake. Watu wa pwani hatuoni ajabu huzuni kupigiwa ngoma. Ajabu kwetu ni huzuni kupigiwa kelele.

Hata hivyo hoja yako ya mkewe kuketi pale ina uzito, kwa hiyo napendekeza njia ambayo haitawalazimu kuimba neno hata moja. Katika taarab ya asili, kabla mwimbaji hajasimama, vyombo hutangulia na bashrafu, muziki mtupu wa kuwatuliza wageni na kuwatambulisha wapigaji. Ifanyeni «Paranoid» kuwa bashrafu ya sherehe. Tafuteni fidla na akodiani. Ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa mapajani, ikipatikana ni heri zaidi. Punguzeni mwendo hadi wa rumba ya taratibu. Fidla ipige kile kipande cha mwanzo, akodiani ikijibu, na tumba ziingie mara ya tatu. Mashangazi watasikia bashrafu nzuri wasiyoifahamu na mjomba atasikia ujana wake, huku wote wakiwa wameketi kwenye mkeka mmoja.

Waliotangulia hawakutaja wale vijana wanne wa Finland, Apocalyptica, waliosomea chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, katika chuo cha muziki cha Helsinki na mwaka 1996 wakatoa albamu ya nyimbo za Metallica kwa chelo nne tupu, bila mwimbaji. Baba yangu aliwahi kuisikiliza yote akiwa amefumba macho, kisha akasema kwamba hawa wamejifunza kuusugua upinde kwa hasira, na kwamba yeye alifundishwa kuusugua kwa subira. Alikuwa akiwasifu.

Mtumishi Mstaafu, Mbagala

Niongeze la kisheria kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake kutafsiriwa na kubadilishwa. Ikiwa mnakusudia kurekodi toleo la Kiswahili na kulitia mtandaoni, nendeni kwanza mkaulize Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Njia ya bashrafu inawaepusha angalau na suala la tafsiri.

Mpiga Besi wa Tabata

Nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya siku tisa. Tumefanya mazoezi mara mbili na nimeona ni haki niwape mrejesho.

Tulianza na «Changes», kama alivyoshauri ndugu wa Upanga. Mwimbaji wetu aliimba vizuri mno, hadi mpiga tumba akaweka mikono mapajani na kusahau kuingia, lakini binti mkubwa wa mjomba alikuwepo na akatuomba tuuache, kwa sababu ulimkumbusha msiba wa kaka yao. Hilo sikulifikiria kabisa.

Tukarudi kwenye bashrafu. Nimempata mzee mmoja mpiga fidla, mstaafu, ambaye hajawahi kusikia jina la Black Sabbath. Nilimwimbia kile kipande kwa mdomo, akakipiga mara moja, akanyamaza, akakipiga tena huku akiitelezesha sauti ya tatu kidogo chini ya mahali ambapo kinanda kingeiweka. Fundi wa Nyuzi, ulisema kweli: nafasi ilikuwa wazi, na mzee aliingia humo bila kubisha hodi. Tukalazimika kukizima kinanda, kwa kuwa hakiwezi kumfuata huko.

Ugomvi uliobaki ni wa mwendo. Mzee anataka taratibu zaidi, na mpiga dramu wetu kila baada ya duru mbili anaongeza kasi kama dereva wa daladala aliyeona kituo kimejaa. Nimeamua dramu ipumzike mpaka mwisho, kisha tumalizie kwa duru nne za mwendo wa asili, gitaa la solo likiwa safi bila distosheni, ili mjomba naye apate haki yake kamili. Mwalimu, mkewe hatasikia neno lolote la kumkera.

Kinachokosekana sasa ni akodiani. Mwenye nayo, au anayemjua mwenye nayo, tafadhali anijulishe. Tutaikodi kwa siku mbili na kuirudisha ikiwa imefutwa vumbi.

Binti wa Mpiga Ganuni, Ilala

Ya marehemu baba ipo kabatini. Vifungo viwili vya upande wa besi vimekwama, lakini kwa kuwa besi unapiga mwenyewe, havitakusumbua. Njoo Alhamisi baada ya alasiri, na uje na huyo mzee wa fidla, kwa maana nadhani namfahamu.