Familia ya Kuka (Msilete Siasa Hapa)

*Jumanne*

Shangazi Phoebe 18:47
Habari za jioni nyote. Narudi kwa lile jambo letu. Nyumba ya wageni imepakwa rangi, vitanda viko, choo cha ndani kinafanya kazi. Kilichobaki ni TOVUTI. Fundi tunaye, ni @Kevo. Nataka iwe hewani Ijumaa jioni kwa sababu Jumamosi naonana na watu wanaoleta watalii hapa Msitu wa Kakamega. Leteni maoni.

Shangazi Phoebe 18:48
Maoni mafupi.

Shangazi Phoebe 19:30
Naona tiki za bluu.

Dennis 19:41
Tiki ya bluu si ahadi Shangazi 😂

Mama Kevo 19:44
Amina.

Shangazi Phoebe 19:44
Amina ya nini?

Mama Kevo 19:46
Aki samahani, nilikuwa najibu kikundi cha kanisa.

Kevo 20:16
Salama Shangazi. Nimeona. Ila Ijumaa jioni hapana. Sisi wa kazi hii Ijumaa jioni hatugusi kitu. Ukibadilisha hata rangi ya kitufe saa kumi na moja, Jumamosi utapatikana kwenye matanga ya watu, laptopu magotini, ukimwomba mwenye boma paswadi ya waifai.

Shangazi Phoebe 20:18
Hayo ni ya ofisini. Hii ni familia. Na wewe mwenyewe Krismasi ulituambia kuna mtu aliunda lugha nzima ya kompyuta kwa siku 10. Mimi naomba kurasa tatu tu.

Kevo 20:21
Brendan Eich, JavaScript, mwaka wa 1995. Ni kweli, siku 10. Na tangu hapo watu kama mimi tunalipwa kwa sababu ya zile siku 10. Nipeni wiki mbili.

Shemeji Odhiambo 20:22
Kwani tovuti nayo hufunga saa kumi na moja kama ofisi za kaunti?

Linet 20:29
📷 Picha
📷 Picha
📷 Picha
Chumba cha kwanza hicho. Nimepiga kukiwa na mwanga.

Kevo 20:34
Asante Linet. WhatsApp huzifinya picha mpaka zinakuwa ukungu, kwa hivyo zitume tena kama dokumenti. Bonyeza ile pini ya karatasi, chagua Dokumenti. Halafu kuna kuku juu ya mto.

Linet 20:35
Huyo ni wa babu yetu Kuka. Hutagia hapo.

Dennis 20:35
Msimwondoe, muongeze bei. Kifungua kinywa hadi kitandani 😂😂

Shemeji Odhiambo 20:37
Kisumu hapa ningelipia hiyo huduma

Shangazi Phoebe 20:40
Turudi kwa mada. Kevo andika. Mtu akifungua tovuti, ngoma ya Isukuti ianze kulia. Juu kabisa yule ndege wa bluu mwenye kishungi. Maneno KARIBUNI MSITUNI yatembee kutoka kushoto. Picha ya yule Mjerumani wetu akila ugali. Chini watu watano waliotusifu, kila mmoja nyota tano.

Kevo 20:58
Tuende polepole. Isukuti UNESCO waliitambua mwaka wa 2014, na mimi naipenda, lakini mtu yuko kwa matatu kati ya Luanda na Maseno, simu inaanza kupiga ngoma, atafunga kabla hajaona kitanda. Na hata nikitaka, tangu 2018 Chrome inazuia ukurasa kupiga kelele kabla mtu hajagusa kitu. Waliona mengi hao. Yule ndege, Linet ampige picha mwenyewe pale Isecheno. Hiyo mliyotoa Google ina mwenyewe, jina lake liko pale chini, mmelikata nusu. Mjerumani mmemuuliza? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, humbandiki mtu hadharani na tonge mdomoni bila ruhusa yake. Na hao watano wa kusifu ni akina nani?

Shangazi Phoebe 20:59
Wa kwanza ni mimi.

Baba Mdogo Wycliffe 21:05
Mimi nimesoma ile karatasi ya Phoebe. Ameandika kima wa De Brazza hufika hadi jikoni. De Brazza wako Kisere, kule kaskazini. Wanaofika jikoni kwetu ni kima wa kawaida na wanaiba mkate. Andikeni ukweli.

Shangazi Phoebe 21:07
Mtalii akiona kima hamuulizi jina.

Baba Mdogo Wycliffe 21:08
Watalii wa ndege na wanyama wanajua kuliko wewe. Wanakuja na darubini na daftari.

Baba Mdogo Wycliffe 21:12
Halafu haraka hii yote ni ya nini? Kuna waliongoja miaka. Kamanda alingojewa?

Dennis 21:13
Wueh. Tumefika.

Mama Kevo 21:15
Wycliffe, tafadhali. Si leo.

Baba Mdogo Wycliffe 21:16
Sijamtaja mtu. Nimesema tu kuna laptopu moja katika ukoo huu ilikuwa na pembe.

Shemeji Odhiambo 21:17
Kamanda ndiye nani?

Dennis 21:17
Shemeji nenda ukalale 😂

Mama Kevo 21:20
_Ujumbe huu umefutwa_

*Jumatano*

Kevo 07:12
Habari za asubuhi. Niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana naona mnadhani kuna swichi mahali fulani na mimi nakataa tu kuibonyeza.

Jana nilishinda hapa Kiamunyi nikitafuta kwa nini fomu ya mteja inakataa watu. Si wote, baadhi. Kumbe aliyeiandika kabla yangu aliamua kwamba namba ya simu ya Mkenya lazima ianze na 07. Zile za 01 zilipoanza kutolewa hakuna aliyerudi kumwambia kompyuta. Mtu anajaza namba yake halali, anaambiwa jaribu tena, anajaribu tena, anaamua hiyo biashara haimtaki. Nikabadilisha mstari mmoja. Mteja akapiga simu: siku nzima, mstari mmoja? Anataka kupunguziwa bei, kwa mstari.

Mama mwenye nyumba naye ananiona niko ndani tangu asubuhi, shati la heshima juu kwa ajili ya mkutano wa video, kaptura chini. Ameshaanza kunitafutia kazi. Ana binamu yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, ananiambia watu wanajifunza tu pole pole. Nikamwambia mimi huunda tovuti. Akasema pole sana. Halafu akaniomba nimwangalilie king'amuzi chake hakionyeshi habari. Nikazima, nikawasha. Tangu siku hiyo ananisalimia kama mtu mwenye ajira.

Kwa hivyo wiki mbili si maringo.

Dennis 07:31
Simu yangu pia hujizima. Niilete?

Mama Kevo 07:33
Na ile TV yangu ulisema utakuja kuiangalia.

Shangazi Phoebe 07:40
Kevo tumekusikia. Sasa pesa. Hilo jina la tovuti ni bei gani?

Kevo 07:52
Jina linaloishia .co.ke, yaani domeni, hununuliwa kwa mawakala walioandikishwa na KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke. Ni kama elfu moja na ushei, inategemea wakala. Hiyo ni ya mwaka mmoja. Mahali pa kuiweka, yaani seva, hulipiwa kando.

Shangazi Phoebe 07:53
KILA mwaka? Hata kama hatujapata mgeni?

Kevo 07:54
Hata. Na ukiacha kulipa, muda ukipita mtu mwingine anaweza kulichukua.

Dennis 07:55
Kumbe hata jina lina landilodi

Shangazi Phoebe 08:02
Haya. Ni Isecheno Paradiso. Naomba kila boma lichange. Mama Kevo, Wycliffe, Dennis, Odhiambo, na nyinyi wengine mnaosoma tu kama gazeti.

Linet 10:15
📄 PICHA ZA CHUMBA.docx
Nimezituma kama dokumenti.

Kevo 10:41
Linet umezibandika ndani ya Word.

Linet 10:42
Si ulisema dokumenti?

Dennis 10:43
😂😂😂😂 Kevo kubali matokeo

Mjomba Ezekiel 12:26
Naunga mkono. Iwe ya kijani.

Shangazi Phoebe 12:27
Asante Mjomba. Umechelewa lakini umefika. Na mchango?

Shangazi Phoebe 14:50
Mjomba?

Kevo 16:05
Pendekezo langu, halafu nirudi kwa mteja. Tovuti ya kwanza kabisa duniani, ya Tim Berners-Lee pale maabara ya CERN mwaka wa 1991, ilikuwa maandishi na linki basi. Nakala yake ipo CERN mpaka leo na bado inafunguka, hata kwenye simu. Tuanze hivyo hivyo. Jina, bei, namba ya simu, ramani ya kutoka stendi ya Kakamega hadi Shinyalu hadi kwetu, picha tatu bila kuku. Mgeni atafungua akiwa njiani, na nyote mnajua mtandao wa pale nyumbani, mpaka usimame kando ya mparachichi. Tukimwekea maneno yanayotembea na picha za mega nane, atafika Isecheno kwa miguu kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Hiyo ndogo naweza kuimaliza Jumatano ijayo. Mengine baadaye.

Shangazi Phoebe 16:09
Jumatano ijayo watu wangu watakuwa wameshapeleka wageni kwingine. Na bila ngoma itakuwa tovuti ya matanga.

Shemeji Odhiambo 16:20
Mimi nina swali. Wageni wanakula nini? Nikileta mbuta kutoka Dunga kila Ijumaa mtaninunulia?

Dennis 16:21
Shemeji amekuja na biashara yake 😂 Kevo muundie tovuti na yeye

Shangazi Phoebe 16:22
Odhiambo tafadhali! Samaki baadaye!!

Shemeji Odhiambo 16:22
Samaki hangoji baadaye mama

Baba Mdogo Wycliffe 18:30
Mimi mchango nitatoa. Lakini sijaona jina la Isecheno Paradiso likipitishwa na mtu yeyote. Ile nyumba iko pale pale zizi lilikuwa. Kila mtu anajua ni zizi la nani.

Mama Kevo 18:41
Kevo usijibu.

Kevo 18:41
Sijibu.

Linet 19:22
Niko na Kuka hapa. Nimemsomea yote tangu jana. Anataka kusema.

Linet 19:26
🎤 Ujumbe wa sauti 1:38

Linet 19:34
Kwa wasio na bando, amesema hivi. Kamanda, yule fahali, nilimuuza mimi ili Kevo apate laptopu. Wycliffe ndiye aliyeshika kamba hadi sokoni, na aliporudi alikula nyama kama sisi sote. Kevo alikuwa mtoto, hakuomba ng'ombe wala kompyuta. Nyumba itaitwa Kamanda. Aliyeezeka paa alilipwa na ni mtoto wa hapa hapa, basi na huyu wa tovuti alipwe, hata kama ni kidogo. Phoebe apunguze kupiga kelele usiku. Kuku wangu asisumbuliwe.

Linet 19:35
Amesema nisiongeze neno.

Baba Mdogo Wycliffe 20:17
Sawa Baba.

Mama Kevo 20:19
Asante Baba. Mungu akuweke.

Dennis 20:20
🙏

Mjomba Ezekiel 20:24
Iwe ya kijani na nyeupe.

Shangazi Phoebe 20:31
Baba amesema na mimi sina la kuongeza. Ila niwajulishe tu kwamba bango lilishachapishwa. Isecheno Paradiso, pande zote mbili, herufi za dhahabu. Limesimamishwa leo saa tisa pale kona ya barabara. Mchoraji anadai salio.

Dennis 20:33
Shangazi ulichapisha kabla ya maoni mafupi? 😂

Mama Kevo 20:36
Phoebe nimekutumia 1,000 ya domeni. Nithibitishie.

Shangazi Phoebe 20:37
Imefika, barikiwa. Nimempa mchoraji kwanza, alikuwa amesimama mlangoni.

Kevo 20:38
Hiyo ilikuwa ya domeni.

Shangazi Phoebe 20:38
Domeni haisimami mlangoni kwangu.

Baba Mdogo Wycliffe 20:44
Kevo, wewe hutumia namba ile ile ya zamani? Natuma kwako moja kwa moja. Si kwa Phoebe.

Kevo 20:45
Ile ile, Baba Mdogo. Asante.

Baba Mdogo Wycliffe 20:51
Nimetuma 1,500. Picha ya Kamanda ninayo pia, ile ya Malinya, kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali, amesimama na Baba. Sijui kama itatosha kwa tovuti, imekunjamana.

Kevo 20:52
Itatosha. Linet aipige picha mchana, nje, halafu aitume kama dokumenti. Si ndani ya Word.

Linet 20:53
Sasa nimeelewa.

Kevo 20:58
Nataka kusajili jina usiku huu kabla sijaanza kazi ya mteja. Naomba jina MOJA, limeandikwa hapa kikundini, na herufi zote. Kamanda peke yake limeshachukuliwa, nimeangalia. Kuna kamandashinyalu. Shangazi, unakubali?

Shangazi Phoebe 21:01
Sajili yote mawili.

Kevo 21:01
La pili analipa nani?

📞 Simu ya sauti isiyojibiwa 21:02

Kevo 21:02
Shangazi usipige, andika hapa wote waone.

📞 Simu ya sauti isiyojibiwa 21:03

Shangazi Phoebe 21:04
Kevo shika simu.